Usichume mbegu zote za kitalu kwenye mti mmoja

Wanaoanzisha vitalu hapa Pemba huniuliza sana ni mti upi ulio bora wa kuchumia mbegu. Jawabu langu halimpendezi kila mtu: si mti mmoja, ni miti mingi, tena isiyosimama karibu karibu.

Mkarafuu unaonyesha sababu. Asili ya mikarafuu yetu ni miche michache iliyotolewa visiwa vya Maluku ikapelekwa Mauritius mwaka 1770, na kizazi chake ndicho kilichofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Juu ya hayo, ua la mkarafuu aghalabu hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufanana mno na mama, na maradhi yanayouweza mti mmoja huenda yakauweza na wa jirani. Kwa hiyo mimi hutafuta matunda yaliyoiva katika mashamba ya vijiji mbalimbali na kuyaotesha upesi, kwa kuwa mbegu ya mkarafuu ikikauka haioti.

Mvule una hesabu nyengine, kwani uko dume na uko jike. Mwenye shamba akiuona mvule hauzai huuhesabu kuwa hauna faida isipokuwa mbao, akaukata, kumbe huenda ndio uliokuwa ukichavusha majike yote ya pale. Jike lililobaki peke yake shambani, hata likizaa sana, huweza kukupa mbegu za baba mmoja au wawili tu. Ni afadhali kuchuma kwenye majike kadhaa yaliyo karibu na msitu wenye mivule mingi, kwa ruhusa ya wasimamizi, na kuacha kama mita 100 kati ya mti na mti, kwa sababu miti inayoota pamoja mara nyingi ni ndugu.

Kitaluni ndipo kazi hii inapoharibika. Mtu huchuma kwenye miti kumi, kisha akabakisha miche iliyowahi kurefuka tu, ambayo pengine yote ni ya mama mmoja. Oteshea mbegu za kila mama kwenye tuta lake lenye kibao, toa miche yenye kasoro katika kila tuta, halafu uchanganye wakati wa kupanda.

Muhogo hatuupandi kwa mbegu bali kwa vipando, na kila kipando ni nakala ya shina kilikokatwa, pamoja na maradhi yake. Maradhi ya michirizi ya kahawia yana hila: majani huweza kuonekana mazima huku ndani ya muhogo mna mabaka makavu ya kahawia, magumu kama gome. Panda aina mbili au tatu, zikiwamo aina kama Kizimbani na Machui zinazostahimili maradhi hayo, na usikate vipando kwenye shina ambalo hujaipasua mihogo yake ukaiona myeupe mpaka ncha.