Sinema ya jamii Jambiani: kwa nini wenyeji hawaji, na nini huwaleta

Dada uliyeleta mada, umesema umehamia kikazi Jambiani, kijiji chetu cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Umekuta wageni wakaazi wamechangishana wakanunua projekta, na kila Ijumaa saa moja usiku wanaonyesha filamu kwenye baa ya hoteli moja ufukweni. Wanaiita sinema ya jamii, lakini jamii haionekani, labda wahudumu wa hoteli na vijana wawili watatu wa ufukweni. Unauliza kama kosa ni filamu, ni matangazo, au watu wa huku hawana mwamko.

Mwamko upo tele. Angalia saa na mahali. Saa moja Ijumaa ni baina ya Magharibi na Isha, yaani mwanamme yuko njiani msikitini na mwanamke yuko jikoni. Mahali penyewe panauzwa pombe, na getini kuna askari anayekuuliza unakwenda wapi ndani ya kijiji ulichozaliwa. Mama gani atamwambia mtoto nenda ukatazame katuni baa? Hata mngeleta filamu nzuri kuliko zote duniani, jibu lingekuwa lile lile.

Nasema haya kwa sababu mimi ni mtu wa Jambiani, fundi wa umeme na vipaza sauti, na kazi yangu nyingi iko mahoteli ya Paje, kijiji jirani. Wageni waliniita kufunga spika kwenye maonyesho yao, nikaona vinavyoendelea, na baadaye nikawa mmoja wa wanaoyaandaa uwanjani. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za kitambaa cha sinema.

Kwanza hilo la mwamko, maana wageni wengi wanaamini wao ndio wameleta sinema Unguja. Mjini kulikuwa na Royal pale Vuga tangu 1921. Iliungua 1954, ikajengwa upya na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa jina la Majestic. Kulikuwa na Sultana, Empire, Cine Afrique. Waulize wazee wa shamba, watakwambia walivyokuwa wakipanda gari kwenda mjini kutazama picha ya Kihindi, wakarudi wameshika nyimbo zote na lugha hawaijui. Televisheni Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Bara walikaa mpaka miaka ya 1990 ndipo wakapata vituo vyao. Kijiji kizima kilikuwa kikikusanyika mbele ya seti moja. Kisha vikaja vibanda vya video, na tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika mjini pale Ngome Kongwe, na lilikuwa na utaratibu wa kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Bibi unayemwona anakokota gunia la mwani Jambiani huenda ametazama filamu nyingi za uwanjani kuliko huyo mwenye projekta. Nimewahi kumsikia mgeni akimweleza mzee mmoja maana ya sinema, na mzee kwa adabu yake akanyamaza mpaka mwisho.

Basi, hamisheni maonyesho. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, kwanza, kabla ya kubandika tangazo lolote, na usiende na mzungu peke yake. Nenda na mtu mzima wa kijiji anayejulikana, mkaeleze nini kitaonyeshwa, nani atasimamia, watoto watarudi saa ngapi. Sheha atakutajia uwanja. Mara nyingi ni uwanja wa skuli au kile kiwanja wanachochezea mpira jioni. Hapo kila mtu anaingia kwa haki yake bila kuulizwa, na wageni ndio wanaotembea kuja kwa wenyeji. Utaona tofauti usiku huo huo. Siku ya mwanzo tuliyotoka hotelini watu walijaa kabla hatujawasha hata taa, na watoto walikaa mbele kabisa mpaka ikabidi tuwasogeze nyuma wasipige vivuli kitambaani.

Anzeni baada ya Isha, saa mbili na nusu ni salama mwaka mzima. Ijumaa si lazima, Alkhamisi au Jumamosi zinafaa, lakini tazama ratiba ya mpira kwanza. Siku ya Simba na Yanga usijisumbue, lala. Mwezi wa Ramadhani funga kabisa hadi Idi ipite. Tangazo la Facebook liwe la wageni. Kwa kijiji tangazo ni gari lenye kipaza sauti linalopita jioni, na watoto wa skuli. Wanawake wapewe upande wao na mikeka yao mapema, bila kufanya jambo kubwa. Waachie akina mama wauze mihogo, mishikaki, kahawa na kashata pembeni. Wageni wengine watataka kupanga mabanda na bei, wazuie, soko lile linajipanga lenyewe.

Sasa lugha, na hapa ndipo maonyesho mengi yanapokufa. Filamu ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini ni mateso kwa mtu aliyetoka kuvua. Anatazama picha zinazopita, anaondoka katikati, na mwenye filamu anadhani hapendi sanaa. Dawa yake tunayo siku nyingi: mtu wa kutafsiri kwa mdomo. Aliyekulia kwenye vibanda vya video anamjua marehemu Lufufu, na Kenya wana DJ Afro, watu ambao filamu ilikuwa inafuatwa kwa ajili ya sauti zao. Sisi tulimpata kijana mmoja muuza samaki mwenye ulimi, tukampa maikrofoni. Hatafsiri neno kwa neno. Anamtania mhusika, anamwonya, anamlinganisha na mtu wa kijijini ambaye kila mmoja anamjua lakini jina halitajwi. Uwanja mzima unacheka.

Wageni kadhaa walikasirika, wakisema anaharibu kazi ya mwongozaji. Nawaelewa, kuna filamu zinazotaka kimya. Tulielewana hivi: usiku wa uwanjani msimulizi yupo, na mara moja moja wanafanya usiku wa kimya ndani ya ukumbi kwa anayetaka. Kinachonifurahisha ni kwamba baadhi ya waliokasirika ndio sasa wanaouliza kama yule kijana atakuwepo.

Zikipatikana filamu za Kiswahili, hizo ndizo za kuanzia. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya 2021, inatokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na imechukuliwa hapa hapa Zanzibar. Wenyeji wanasikiliza na wageni ndio wanaosoma maandishi. Mpangilio huo una faida yake, maana kwa mara moja mgeni ndiye anayemuuliza jirani yake kwa nini watu wamecheka. Lakini omba ruhusa. Kulipia Netflix au kushusha mtandaoni hakukupi haki ya kuonyesha hadharani. Waandikie watengenezaji wenyewe, hasa vijana wa filamu fupi. Wengi wanajibu, na wengine wanakubali bure mradi uwapelekee maoni ya watazamaji.

Kilichojaza uwanja kuliko filamu yoyote, hata hivyo, ni dakika kumi za mwanzo tulizopiga wenyewe kwa simu. Resi za ngalawa, mechi ya mtaa, fundi anayechonga mtumbwi, akina mama wakifunga mwani kwenye kamba maji yakiwa yametoka. Mtu akijiona kwenye kitambaa cha mita tatu, wiki ijayo anakuja na ukoo mzima. Hapo ndipo sanaa ya jamii inapokuwa ya jamii kweli, na vijana wa skuli wanajifunza kukata picha kwa programu za bure za simu haraka kuliko sisi. Ikiwa wageni wenu wana mtu anayejua kuhariri, huyo ndiye wa kumtumia, kuliko mtu wa kuchagua filamu.

Ila kuna hatari, na nataka uisome vizuri. Mgeni mmoja aliwapiga picha akina mama wa mwani kutoka mbali, wamejifunga kanga kikazi, maji kiunoni, wengine kichwa wazi. Kwake ilikuwa picha nzuri ya jua na bahari. Ilipotokea uwanjani mbele ya wakwe na watoto wao, kimya kilichoingia hakikuwa cha kupendezwa. Kesho yake waume walikwenda kwa sheha, na maonyesho yakasimama mpaka wazee wakakaa kikao. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: anayepigwa anaulizwa kabla, na anaonyeshwa kipande chake nyumbani kabla hakijafika uwanjani. Akisema futa, kinafutwa mbele yake. Akina mama wale wale baadaye walikubali kupigwa, wamevaa watakavyo, na wakataka wenyewe kueleza kwa sauti zao jinsi mwani ulivyokuwa ukistawi zamani na sasa unavyokufa maji yakipata moto. Kile kipande kilikuwa bora mara kumi kuliko jua na bahari.

Vyombo sitachukua muda. Projekta ya ANSI lumeni 3,000 (ANSI ni kipimo sanifu cha mwanga) inatosha kitambaa cha mita tatu gizani. Zile ndogo zinazoandikwa lumeni 8,000 kwenye boksi usizisikilize, namba hiyo si ya ANSI. Kitambaa weka kwa kukinga upepo, nyuma ya ukuta au jengo; kusi ikivuma, shuka lililofungwa ovyo linakuwa tanga na linang'oa nguzo. Ukuta wa mawe uliopakwa chokaa ni mzuri kuliko shuka lolote, kama mwenyewe ameridhia. Spika ziinue juu ya vichwa na uzielekeze kwa watu, zisielekee msikitini wala kwa mgonjwa. Umeme wa jioni unapanda na kushuka, kwa hiyo stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, ni lazima. Mkiwa na betri ya gari ya volti 12, saa-ampea 100, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, hesabuni kama saa mbili kwa projekta ya wati 250 bila kuua betri, na spika ziwe na chaji yake. Hewa ya chumvi na mchanga vinaua feni, kwa hiyo projekta isilale ufukweni. Ifungwe kwenye sanduku, ikae nyumba ya ndani.

Na hilo la kulala wapi lina maana zaidi ya chumvi. Vikundi vingi vya namna hii huku vinakufa mwezi wa Aprili. Msimu wa kaskazi watu wa kaiti, wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara, wamejaa Paje, kila mmoja ana wazo, kuna maonyesho ya picha, darasa la kuchora, usiku wa mashairi. Masika inaanza, hoteli zinafunga, mwenye projekta anapanda ndege nayo. Mwakani anakuja mwingine anaanza upya, na sheha anaombwa ruhusa ile ile na sura mpya. Wenyeji wamechoka kuanzishiwa. Kwa hiyo mwambie kikundi chenu: kama chombo ni cha jamii, kiandikwe hivyo na kikae kijijini, skuli au kwa kamati, na mshika fedha awe mkaazi wa Jambiani, mwanamke kwa ushauri wangu. Mvua zikianza msisimame, hamieni darasani kwa idhini ya mwalimu mkuu. Ndio wakati ambao wavuvi na wafanyakazi wa hoteli wana nafasi, na watu wanakaa kuzungumza filamu ikishakwisha.

Vibali: baada ya sheha ni ofisi ya Wilaya ya Kusini, kisha Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, maana kuonyesha filamu hadharani ni jambo lao. Mkipiga muziki, COSOZA, chombo cha hakimiliki Zanzibar, wanahusika na haki za wasanii. Nenda na orodha ya filamu na uzitazame zote kabla, mwanzo hadi mwisho, wewe na mtu mzima wa kijijini. Wageni wanaona hili ni udhibiti. Mimi naona ni afadhali uruke filamu moja kuliko watoto wa watu wakutwe na picha ya kitandani katikati ya uwanja. Na wageni wa viza ya utalii wasiwe ndio wanaokusanya pesa, wasije wakajikuta wanaelezana na Uhamiaji.

Umeuliza pia kiingilio. Uwanjani msitoze, hata shilingi mia tano, kwa sababu mwenye watoto sita atabaki nyumbani na hao sita. Mapato yapatikane hotelini: usiku wa kimya mgeni alipe, hoteli ichangie kwa kuwa inapata wateja, na boksi la mchango liwekwe upande wa viti vya wageni, mbali na mikeka. Hesabu zisomwe hadharani kabla ya filamu inayofuata, kwa maikrofoni, kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa. Ukitaka nikupe orodha ya waya na bei za mjini Darajani, niandikie, ila subiri baada ya Idi maana sasa hivi nina kazi za watu.