Maswali na majibu: Benchi linajaa asubuhi, mchana kliniki tupu. Ninunue sistimu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni daktari wa meno, nimefungua kliniki ndogo ya kiti kimoja hapa Tanga, Ngamiani. Shida yangu ni mapokezi. Saa 2 asubuhi benchi limejaa, ikifika saa 4 watu wanagombana nani kawahi, wengine wanasonya wanaondoka, halafu kuanzia saa 8 mchana nakaa peke yangu nachezea simu. Nikimpa mtu tarehe haji. Dada wa mapokezi ni binamu yangu, anajitahidi lakini kazi inamzidi. Sasa kuna kijana ananiuzia sistimu ya miadi inayotuma meseji yenyewe, anasema foleni itaisha wiki moja tu. Na watu wa huku si unawajua dokta, hawajali muda. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue, angalau sio sasa hivi.

Sina ugomvi na kompyuta. Ila hapo mwisho umeandika neno ambalo nalisikia kila nikikaa na wenye kliniki, kuanzia hapa mjini mpaka Korogwe, na kila nikilisikia presha inapanda: "watu wa huku hawajali muda". Hawa hawa? Nenda stendi ya Kange alfajiri, basi la Dar la saa 12 utalikuta abiria wameshakaa kabla dereva hajapanda, na kuna waliotoka Mkinga na watoto mgongoni. Nenda swala ya Ijumaa uone kama watu wanangoja waitwe. Mtu anajali muda ambao ni wa kweli, wako sio wa kweli na ameshaujua. Umemwambia "njoo kesho saa 2", na wenzake saba umewaambia saa 2 hiyo hiyo, kafika saa 2 kamili kaingia kwenye kiti saa 5. Mara ya pili unategemea afanye nini? Ama aje alfajiri akakae kibarazani kwako kuwahi namba, ama asije kabisa, apite duka la dawa anunue diklofenaki ya kutuliza maumivu, arudi kwako baada ya miezi mitatu shavu limevimba na jino ambalo lingezibwa sasa la kung'olewa. Halafu wewe unaandika kwenye daftari "hakuja".

Kwa hiyo hiyo sistimu ya meseji itafanya nini? Itawakumbusha watu wanane wote waje saa 2. Foleni ni ile ile, tofauti unailipia kila mwezi.

Sasa tuingie jikoni kwako, maana nina wasiwasi foleni yako wala haianzii mapokezi. Hukuniambia una seti ngapi za vifaa vya kung'olea meno. Tuseme tatu. Otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, inataka angalau dakika 15 kwenye nyuzi 121, au dakika 3 kwenye nyuzi 134, na hapo wengi wanaishia kusoma, wanasema aa dakika 3 tu, kumbe hiyo ni dakika 3 baada ya mashine kufika kwenye joto lenyewe. Weka na kupanda kwa joto, kushuka kwa presha, kukauka, ni nusu saa mpaka saa nzima, na hapo bado hujahesabu kuviosha kwa brashi kwanza maana damu iliyokaukia kwenye koleo haiondoki kwa mvuke. Ukiwaita wanane saa 2, wa nne anakaa kwenye kiti na seti ya kwanza bado inachemka. Umeona foleni ilipo? Binamu yako hata awe malaika hawezi kuipunguza kwa kuongea vizuri na watu.

Na hapa ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi kuliko ugomvi wa benchi. Foleni ikibana, watu wananuna, mmoja ana safari ya kurudi Pangani, kuna mtu ndani ya kliniki atachukua koleo aipanguse na spiriti aseme "hii iko safi, endelea". Spiriti haiui spora, zile mbegu sugu za bakteria, hata uloweke kutwa, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai kwenye sehemu kavu siku saba na zaidi. Nimeshasikia mtu mzima, mwenye cheti ukutani, ananiambia eti akiwa na wagonjwa wengi "anatumia njia fupi". Njia fupi ya kwenda wapi? Ukiona ratiba yako inamlazimisha mtu kuchagua kati ya mgonjwa kusubiri na chombo kutakaswa, hiyo ratiba imeshakuwa hatari kwa afya, sio suala la huduma kwa wateja tena. Ndiyo maana nasema anayepanga miadi lazima ajue seti zipo ngapi, zimetoka saa ngapi. Bandika karatasi mlango wa chumba cha vifaa, mambo yaishe.

Halafu pangeni kwa aina ya kazi, sio kwa idadi ya vichwa. Kung'oa jino la kawaida, ukiweka kuuliza historia, kupima presha, sindano, kusubiri ganzi ishike (ya taya la chini inachukua dakika kadhaa, usijidanganye), kung'oa na kumpa maelekezo ya nyumbani, ni nusu saa kwa usalama. Ruti kanali, yaani kusafisha na kuziba mzizi wa jino, saa nzima na mara nyingi zaidi. Kumcheki mtu uliyemuwekea dawa wiki iliyopita au kuchukua vipimo vya meno bandia ni kazi fupi na haigusi seti za kung'olea, basi hizo ndio unazichomeka katikati wakati otoklevu inafanya kazi. Acha nafasi mbili wazi kila siku, moja ya asubuhi na moja ya mchana, za waliokuja bila miadi wanalia, maana watakuja tu, jino halina kalenda. Usizijaze hata kama shangazi yako anaomba.

Nani aje lini nayo ina akili yake. Mwenye kisukari mpe asubuhi, aje ameshakula na kumeza dawa zake, sio umuweke saa 7 njaa imembana sukari inashuka kwenye kiti chako. Wa Muheza na Pangani wape saa 4 kwenda mbele wapate daladala kwa amani. Wanafunzi na walimu ndio wa mchana wako huo mtupu unaolalamikia, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba saa 9 daktari yupo! Ijumaa kati ya saa 6 na saa 8 usiweke mtu. Na mwezi wa Ramadhani jipange upya kabisa, wengi hawataki kutiwa maji mdomoni mchana wakiwa wamefunga, kwa hiyo fungua jioni baada ya futari hata siku mbili tatu za wiki uone. Wakiuliza kama ganzi inafunguza, hilo waulize mashekhe wao, dada wa mapokezi asitoe fatwa.

Tukifika kwa binamu yako sasa. Tatizo la wenye kliniki wengi ni kudhani mapokezi ni kiti cha mtu ambaye hajapata kazi nyingine, kazi yake kuandika jina na kupokea hela. Yule ndiye mtu wa kwanza kumsikia mgonjwa, mara nyingi kwa simu, na kuna mambo akiyasikia hatakiwi kutafuta nafasi kwenye daftari hata kidogo. Mtu kavimba chini ya taya, hawezi kumeza mate, sauti imebadilika au anapumua kwa shida: huyo aje sasa hivi au aende hospitali ya Bombo moja kwa moja, usimuandike Jumatano, uvimbe wa namna hiyo unaziba njia ya hewa. Mtoto kaanguka na baiskeli, jino la ukubwani limetoka zima: walishike upande wa kichwa sio mzizi, wasilisugue, waliweke kwenye maziwa waje mbio, kila dakika ina maana na ikishapita saa moja nje pakavu matumaini yanapungua sana. Aliyeng'olewa na damu haikomi baada ya kung'ata pamba au gozi kwa nusu saa, aje. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya siku yenyewe, na asiache dawa kwa ushauri wa mapokezi. Hayo mwandikie karatasi moja ubandike juu ya simu. Maumivu ya kawaida yasiyo na uvimbe, ndio anampa ile nafasi ya wazi.

Kile asichotakiwa kufanya, na nasikia kinafanyika sana, ni kumwambia mtu "kanunue amoksilini kwanza utulie". Antibayotiki haitibu jino lililooza. Maumivu yakitulia kidogo mgonjwa anadhani amepona, anaacha dozi katikati, tatizo linaendelea chini kwa chini. Dada wa mapokezi hatoi dawa. Hata wewe usitoe kwa simu kwa mtu hujamuona.

Na kama ndiye huyo huyo anaosha vifaa, anashika hela, anajibu simu, hapo hajazidiwa, umemgawanya vipande. Mtafute mtu wa vifaa hata wa nusu siku, na wote wawili wachanjwe homa ya ini B dozi zote, sio moja halafu basi.

Kuhusu wasiokuja: apige simu jioni ya siku moja kabla. Simu, sio meseji tu, wengine meseji hawasomi au simu ni ya mjukuu. Na asiulize "unakumbuka kesho?" maana kila mtu atasema ndiyo. Aulize "kesho saa 4 dokta anakungoja, unakuja au nimpe mwingine aliyeomba?" Utashangaa. Akisema haji, asimgombeze, amshukuru, anyanyue simu ampe mwingine kutoka orodha ya wanaosubiri. Daftari, kalamu, na vocha ya dakika. Mgonjwa akichelewa robo saa bado muone, zaidi ya hapo mpangie nafasi ya mwisho, na sheria hiyo iwe ya wote hata kama ni diwani.

Bima nitapita haraka. Kadi ya NHIF ihakikiwe kabla mtu hajakaa kwenye kiti, sio baada, na jina, sahihi na huduma iliyoandikwa vilingane na kilichofanyika, madai mengi yanayorudi yanarudi kwa uzembe wa kalamu. Wanaolipa taslimu au kwa lipa namba waambiwe bei kabla ya ganzi, na risiti ya EFD itoke siku hiyo hiyo.

Turudi kwa kijana wako wa sistimu, na hapa siongei na wewe peke yako, wako wengi wanazungukiwa na vijana hawa. Anayekuja na ahadi ya "wiki moja" bila kukaa kwenye benchi lako hata asubuhi moja, bila kuuliza una viti vingapi wala kazi zako zinachukua muda gani, huyo hauzi suluhisho, anauza laptopu. Muulize majina, namba za simu na magonjwa ya wagonjwa wako yanakaa wapi, nani mwingine anaweza kuyafungua, na siku ukiachana naye atakurudishia vyote kwenye faili unaloweza kulisoma au vinabaki kwake. Muulize intaneti ikikatika saa 3 asubuhi na watu wamejaa, ratiba ya siku utaionea wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti, na anayewajibika kwa mgonjwa ni wewe mwenye kliniki, yule kijana atakuwa ameshabadilisha laini. Kwenye sheria hiyo hiyo kuna kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sasa muulize kama anaijua, uangalie uso wake. Na wale wanaokushauri uwaweke wagonjwa wote kwenye grupu moja la WhatsApp "kuwakumbusha kirahisi", ili jirani ajue jirani yake anatengenezewa meno bandia, wao nao ni wale wale. Wengine wanaomba picha za midomo ya watu wakarushe mtandaoni kukutafutia wateja, na mgonjwa hajaulizwa.

Zipo sistimu nzuri, na kliniki ikikua hadi viti vitatu vinne daftari litakushinda. Endesha kwanza kwa daftari miezi mitatu, andika kila mtu kapangiwa saa ngapi, kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi. Baada ya hapo niandikie tena kuhusu kununua, na safari hiyo anza kwa kuniambia una seti ngapi za kung'olea.