Swichi inayofanya kazi ya ruta: usisahau njia ya kurudi

Mafundi wenzangu, kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni nene, mawe na chokaa, na Wi-Fi haipenyi. Ndiyo maana hoteli ndogo za huku Unguja huishia kuvutiwa waya kila ghorofa, na waya zote zikakutana kwenye swichi moja. Ikiwa swichi hiyo ina uwezo wa kuelekeza mitandao kama ruta, fanya hivi.

Panga anwani kwenye karatasi kwanza. Mimi huikwepa 192.168.1.0, kwa sababu ruta nyingi za dukani huja nayo na mtu akichomeka yake, anwani zinagongana. Ofisi naipa VLAN 10 (VLAN ni mtandao mmoja uliotengwa na mingine ndani ya swichi ile ile) na 10.20.10.0, kamera VLAN 30 na 10.20.30.0, ili namba zenyewe zikuoneshe uko wapi. Wageni, VLAN 20, nawapa 10.20.20.0 kwa maski (namba inayoonesha ukubwa wa mtandao) ya 255.255.254.0. Zinapatikana anwani 510, na msimu wa Julai na Agosti utaziona zinavyoliwa, maana mgeni mmoja huja na simu mbili na kompyuta. Kila VLAN, swichi yenyewe ndiyo inachukua anwani inayoishia na .1.

Kuelekea ruta ya intaneti tenga kimtandao cha peke yake: 10.20.99.0, maski 255.255.255.252, ruta ikiwa .1 na swichi .2. Kwenye Cisco, washa `ip routing`, kisha `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.99.1`, yaani kila kisichojulikana kipelekwe kwa ruta. Ile `ip default-gateway` ya swichi za kawaida haifanyi kazi tena hapo.

Sasa njoo kwenye jambo ninaloitiwa kuliko yote. Fundi anapiga pingi (pakiti ya kujaribu kama upande wa pili unajibu) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google huko intaneti, akiwa ndani ya swichi, inajibu, anafunga mkoba. Mgeni chumbani hapati kitu. Ile pingi ilitoka na anwani 10.20.99.2, ambayo ruta inaijua kwa kuwa imeungana nayo moja kwa moja. Pakiti ya mgeni inatoka na 10.20.20-kitu. Ruta haijaambiwa mtandao huo uko wapi, kwa hiyo jibu halina pa kupita. Ongeza kwenye ruta njia ya 10.20.0.0, maski 255.255.0.0, kupitia 10.20.99.2, na hakikisha NAT (kazi ya ruta ya kubadili anwani za ndani kuwa ya intaneti) nayo inazikubali anwani hizo. Halafu pima kwa `ping 8.8.8.8 source 10.20.20.1`. Hiyo ndiyo pingi ya kuiamini.

Kumbuka pia kwamba ukishawasha `ip routing`, VLAN zote zinaonana. Mgeni anaweza kuzifikia kamera. Weka orodha ya ruhusa (ACL), inayosema nani afike wapi, kwenye VLAN 20 siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Mwisho, ili kuhifadhi, andika `copy running-config startup-config`, kisha mwombe mwenye hoteli idhini uizime swichi na kuiwasha tena ungali hapo. Umeme ukikatika usiku, usipohifadhi, kila ulichoandika kimekwenda.