Mtoto katapika baada ya kutafuna muhogo mbichi

Waalaykum salaam dada wa Wete, pole sana na mtoto. Ulivyoeleza kwamba katafuna muhogo mbichi shambani, baadae kizunguzungu na kutapika, ndo dalili zenyewe hizo za sumu ya muhogo inaitwa sayanaidi. Yakirudi tena, au ukaona anahema kwa tabu au analegea, usikae kumpa maziwa sijui maji ya dafu, mkimbize spitali saa hiyohiyo.

Umeuliza muache kula muhogo, hapana bwana, Pemba hii tutakula nini? Ule mtamu menya lile ganda lote mpaka la ndani la pinki, maana ganda ndo lenye sumu zaidi, katakata, chemsha sufuria wazi maji mengi, mwaga yale maji ndo utie tui. Mchungu kuchemsha tu hakutoshi, huo uroweke siku 3 au 4 ulainike kabisa kisha anika juani. Kisamvu nacho twanga sawasawa kabla ya kupika, kile kisamvu cha haraka haraka kinachokatwa kisu mie sikiamini.

Na msile muhogo mtupu kila siku, tieni dagaa, mwili unataka protini kuiondoa hiyo sumu. Msumbiji kule Nampula mwaka 1981 ukame ulipiga, watu wakala muhogo mchungu bila kuuroweka vya kutosha, zaidi ya 1,000 wakapooza miguu, wengi wanawake na watoto. Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo na ukishampata mtu miguu hairudi kama zamani.