Ya wastani au wa wastani?

Msomaji anayeandika tasnifu kuhusu kompresa aksia, zile zinazosukuma hewa ndani ya injini za ndege, anauliza: picha anazochora baada ya uigaji wa kompyuta, zenye mistari inayoonyesha njia ya hewa, aziite "mistari ya mtiririko ya wastani" au "mistari ya mtiririko wa wastani"? Mwenzake kamwambia yote sawa, mradi inaeleweka.

Si sawa hata kidogo, na hiyo "mradi inaeleweka" imenichosha. Watu wanaokagua presha hadi desimali ya tatu hubahatisha upatanisho wa ngeli kana kwamba ni pambo! Neno wastani tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kati. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni huo uzembe wa kiunganishi. "Ya" inarudi kwenye mistari, "wa" inashika mtiririko, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Chukua Rota 37 ya NASA, gurudumu la mapanga la kompresa, ambayo wahandisi wengi huitumia kupimia programu zao za uigaji. Ina mapanga 36 na huzunguka zaidi ya mara 17,000 kwa dakika. Penye uwazi mwembamba kati ya ncha za mapanga na ganda linaloyazunguka, hewa huvuja kutoka upande wenye presha kubwa, ikajisokota. Mistari iliyoanza karibu karibu huachana hapo, mmoja ukanyooka, mwingine ukazama kwenye msokoto. Sasa ijumlishe mistari hiyo yenyewe, uigawanye: utapata mkunjo ambao hakuna hewa iliyoufuata. Hiyo ndiyo "mistari ya mtiririko ya wastani", na haina maana yoyote.

Msomaji wetu hakufanya hivyo. Katika kila umbali kutoka kwenye mhimili alizunguka duara zima, akakokotoa wastani wa densiti mara kasi, ndipo akachora mistari. Kilichotafutiwa wastani ni mtiririko. Mistari imekuja baadaye.

Kwa hiyo "wa" ndiyo sahihi. Hata hivyo naiona bado dhaifu, kwa kuwa tumezoea kusema mvua ya wastani, kimo cha wastani, na atakayeisoma tasnifu anaweza kudhani hewa ilipita kwa kiasi tu. Msomaji wetu aandike "mistari ya wastani wa mtiririko". Na chini ya picha aseme kama wastani huo ni wa eneo (kila sehemu ihesabiwe kwa ukubwa wake) au wa tungamo (kwa wingi wa hewa inayopita hapo), maana karibu na ganda majibu yake hutofautiana.