Shikamoo Kwanza, Maksi Baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Mtu mzima anayejifunza Kiingereza apewe mtihani, au aachwe ajifunze bila kupimwa?" Mimi nafundisha watu wazima hapa Dodoma, jioni, katika darasa la kuazima ambalo mchana hukaliwa na watoto wa darasa la tatu. Jibu langu: apewe. Ila ule mtihani tuliokua nao shuleni, wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kusomewa maksi mbele ya wenzako, huo haumfai. Nilijua hivyo baada ya kumpoteza mwanafunzi.

Alikuwa mzee wa rika la baba yangu, dereva wa miaka mingi, ambaye zamani alibeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Kila jioni nilimwamkia, naye huitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha anajibana kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Wiki ya nne nikatoa jaribio la maswali 20, vitenzi vya wakati uliopita. Akapata saba. Nikasoma maksi kwa sauti, kutoka juu kushuka chini, kama nilivyosomewa mimi. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nilipokutana naye sokoni Sabasaba hakuninunia. "Mwalimu," akasema, na siku hiyo hakuniita mwanangu, "mimi nilikuja kutafuta maneno ya kuongea na wageni ninaowaendesha. Wewe umenipima kama lumbesa."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kipimo chenyewe kilidanganya. Yule mzee alikuwa anaelewana na abiria wake. Akisema "Yesterday I go airport", abiria ameshasikia neno la jana, safari inaendelea. Aliyeongoza kwa maksi 18, kijana wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni, ndiye aliyekosea mahali penye hasara. Mgeni akimuuliza "Didn't you call the driver?" anajibu "Yes", kwa sababu sisi tukiulizwa "Hukumpigia dereva?" tunajibu "Ndiyo, sikumpigia." Mwenye Kiingereza chake akisikia hiyo "Yes" anajua dereva amepigiwa, yuko njiani. Anakaa barazani na mabegi yake kusubiri gari ambalo halijaitwa. Katika maswali yangu yote 20, hakuna hata moja lililogusa jambo hilo.

Siku hizi jaribio la kwanza kwa madereva ni la saa. Natoka nje ya darasa, nampigia mwanafunzi simu, namwambia kwa Kiingereza anichukue stesheni asubuhi, "at eight". Yeye aandike kwa Kiswahili atafika saa ngapi. Akiandika saa mbili, amepata. Akiandika saa nane, mgeni wake ameshuka kwenye treni na atakaa juani saa sita nzima. Hapo sitoi nusu maksi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, swali hili nalitoa kila muhula, na kila muhula kuna anayeangukia saa nane.

Kabla ya hayo yote, siku ya kwanza, namuuliza kila mmoja kwa Kiswahili: Kiingereza hiki unakitaka ufanye nacho nini? Mama lishe wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, anataka aweze kueleza kilichomo kwenye sufuria na kurudisha chenji bila kuita mtu. Kijana wa Kondoa anayetembeza wageni anataka kueleza michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, bila kukariri karatasi kama shairi. Majibu yao nayageuza sentensi zinazoanza na "Ninaweza", nazibandika ukutani kwenye manila, na ndizo zinazokuwa mtihani. Wazo si langu. Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita, A1 hadi C2, unaoeleza mtu anaweza kufanya nini kwa lugha anayojifunza. Mimi nimechukua ile "anaweza", herufi nimeziacha. Katika mji wenye Area A, Area C na Area D, mtu ukimwambia yuko A2 atakuuliza nyumba namba ngapi.

Anayetaka kwenda kusoma ng'ambo ana njia yake: IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, alama 0 hadi 9, mazungumzo ya ana kwa ana ya dakika 11 hadi 14. Huyo ajiandae kwa mtihani huo wenyewe, asituburute wote.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijakisikia kwenye semina yoyote: macho. Nilikuwa nachapa maswali kwa herufi ndogo ili kuokoa karatasi, taa ya darasa ni moja, na wanafunzi waliovuka miaka 45 wakaisogeza karatasi mbali kama wanaipiga picha. Mama mmoja alipoazima miwani ya jirani yake alitoka maksi 9 akafika 14, na karatasi ni ileile. Kiingereza chake hakikuongezeka usiku ule. Tangu hapo nachapa herufi kubwa, na mwenye miwani aje nayo. Na jaribio la kusikiliza msilitoe Januari jioni: mvua ikianza kupiga bati, hata mimi mtunzi silisikii swali langu.

Baada ya yule mzee kuondoka niliingiwa na woga, nikafuta mitihani muhula mzima. Nilidhani watashukuru. Walinitumia mjumbe, mama wa makamo, mpole, mwenye swali moja tu: "Mwalimu, binti yangu yuko darasa la nne, shule ya Kiingereza, kila mwezi analeta karatasi ina tisini. Akiniuliza mimi nimepata ngapi, nimwonyeshe nini?" Sikuwa na la kumjibu. Maksi walizitaka sana, ila kila mtu ya kwake, mkononi mwake.

Kwa hiyo maksi zikarudi kwa njia nyingine. Wiki ya kwanza kila mmoja anajirekodi dakika mbili kwenye simu yake mwenyewe, akieleza kazi yake kwa Kiingereza. Wiki ya 12 anajirekodi tena, akieleza kazi ileile. Tunasikiliza zote mbili zikifuatana, mimi na yeye tu, nje chini ya mwarobaini. Nahesabu mara alizokwama, mara alizokimbilia Kiswahili, na mahali ambapo mimi nisingemwelewa kama ningekuwa mgeni. Kuchanganya "he" na "she" sikuadhibu sana, maana Kiswahili kina "yeye" mmoja tu. Lakini akiwa ni mtu wa hospitali anayeeleza habari za mama na baba wa mgonjwa, nakata. Wengi wakisikia sauti yao ya wiki ya kwanza hucheka hadi wanafuta machozi. Rekodi wanabaki nazo wao, na mama wa yule binti nasikia amemchezea mwanawe zote mbili.

Pengo moja sijaliziba. Waajiri wanataka karatasi yenye daraja, na mimi natoa barua inayoeleza mtu anaweza nini: kupokea simu, kuandika jina na idadi ya siku, kutaja bei, kuomba mgeni arudie. Ofisi moja ya hapa mjini ilimrudishia mwanafunzi wangu barua hiyo, pembeni wameandika kwa kalamu nyekundu: "Daraja?" Nikaongeza mstari mmoja chini: namba ya simu yake, na ombi kwamba wampigie kwa Kiingereza wasikie wenyewe. Walipiga kweli. Kijana aliniambia walizungumza kama dakika tano, nne kati ya hizo kwa Kiswahili, na aliyehama lugha wa kwanza si yeye.

Mwalimu wa jioni,
Dodoma