Dawa kwanza, maswali baadaye

Mmeuliza wiki hii: mwanachuo mwenzako akikwambia amefanyiwa ukatili wa kingono, uanzie wapi? Kama amebakwa, anzia hospitali. Wengi wetu huanzia kwenye maswali: ulikuwa na nani, ulifuata nini kule, mbona hukupiga kelele. Maswali hayo humfunga mdomo, na saa zinakwenda. Mwambie unamwamini, kisha tafuteni usafiri.

Dawa za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na zimezwe siku 28 bila kuruka. Wengi huziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu au kwa kuogopa kuonwa na wenzao chumbani, kwa hiyo anayeishi naye amkumbushe kila siku. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho hakitaki kuchelewa. Kwa anayekaa Malimbe au Nyegezi, hospitali za Bugando na Sekou Toure ziko Mwanza mjini. Usiku asipande bodaboda peke yake.

Asioge wala asifue. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha za kaki, kila moja peke yake, kwa kuwa mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huharibika. Ikiwa ameshaoga, aende hivyohivyo. Dawa bado anazihitaji, na majeraha bado yanaonekana.

Kinachokwamisha wengi ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Mgonjwa anarudishwa akachukue fomu, kituoni anaambiwa asubiri, mpaka kunakucha. Tiba ya dharura haipaswi kungoja karatasi! Mkirudishwa, ombeni kumwona daktari wa zamu au ofisa ustawi wa jamii. Fomu yenyewe ni bure. Mkifika polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Kushtaki au kutoshtaki aamue mwenyewe, si rafiki, si mlezi wa hosteli, na wala si wazee wanaotaka yamalizwe kifamilia.

Mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama ni suala jingine. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Apige kabla ya kwenda gesti aliyoitwa, maana wao ndio wanaojua kuweka mtego. Ujumbe asiufute hata kama unamtia kinyaa. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, amtumie mtu anayemwamini, na simu yenyewe aitunze. Asimtishie mhadhiri, kwani akishtuka atafuta kila kitu.

Halafu kuna masomo, ambayo husahaulika mpaka sapu, yaani mitihani ya marudio, zinatoka. Dawati la jinsia la chuo au mshauri wa wanafunzi amsaidie kuomba kuahirisha mitihani. Barua ya daktari inatosha kusema anatibiwa. Idara haina haja ya kujua ametendewa nini.